Nane Zisizotimia

Hakuna mtu aliyemwibia Hilda saa hata moja. Lakini Jumatano ile, saa nane na nusu mchana, angeweza kusimama kanisani mbele ya mchungaji akaapa kwamba ameibiwa saa kumi na saba, na kwamba mwizi mwenyewe ameketi mbele yake anakunywa soda.

Mwizi huyo aliitwa Castory, karani wa kituo kimoja cha mifugo kando ya reli, upande wa Zuzu. Alikuwa kijana mpole, shati amelichomekea, kalamu mbili mfukoni, wa kuamkia kila mtu hata waliomzidi mwaka mmoja. Alikuwa amechapa ukurasa wa saa za mafunzo kwa vitendo na kumpa Hilda autie saini. Chuo alichosoma Hilda kilitaka kila mwanafunzi wa afya ya mifugo atimize saa mia tatu na ishirini kituoni ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho. Ukipungukiwa, hata kwa saa moja, jina halipandi kwenye orodha, na mtihani mwingine ni mpaka mwaka kesho. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa, saa kumi jioni.

Hilda alikuwa na miaka thelathini na tisa. Binti yake, Ruthu, alikuwa kidato cha pili shule ya bweni. Ukiwa na umri huo na bado unabeba begi la shule, hutaki kusikia habari za mwaka kesho.

Aliupitia ukurasa kwa ukucha, mstari hadi mstari. Siku arobaini, pamoja na ya leo aliyokwisha kuisainia kutoka, na kila siku imeandikwa nane. Akafika chini kwenye jumla, ukucha ukakwama.

"Castory."

"Naam, mama."

"Nane mara arobaini ni ngapi?"

"Mia tatu na ishirini."

"Na hapa chini umeandika ngapi?"

Castory akainama kutazama. Akaweka chupa ya soda mezani. "Mia tatu na tatu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umefunguliwa. "Lakini mimi sijaandika, Mama Ruthu. Imejumlisha yenyewe."

"Hiyo kompyuta yako imesoma shule gani?"

Nje ya dirisha palikuwa na wafugaji kama watano hivi wakisubiri dawa ya minyoo. Wakacheka. Hilda naye, badala ya kunyamaza, akapata nguvu kwa kicheko kile. Akatoa daftari lake kwenye begi na kulibwaga mezani. Tangu siku ya kwanza alikuwa na desturi ya kuchungulia kwenye kioo cha kompyuta kila Castory anapomaliza kuingiza siku yake, akaona nane, naye akaandika nane. Nane arobaini zilikuwamo, kwa wino wa buluu, nadhifu kabisa.

"Nimeona kwa macho yangu haya. Kila siku nane. Leo zimekwenda wapi? Umezila? Sema, Castory, saa zangu umempa nani?"

"Mama, kompyuta haikosei..."

"Basi umekosea wewe!"

Dokta Emilia, mkuu wa kituo, akatokea mlangoni na glovu zake ndefu za plastiki. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye miaka michache chini ya Hilda, jambo ambalo wote wawili walijitahidi kutolifikiria. Alitazama karatasi, akatazama daftari, akarudi kwenye karatasi.

"Mimi siwezi kusaini karatasi inayobishana na yenyewe," alisema. "Kaeni mpatane. Kesho mnieleze."

Yangeishia hapo isingekuwa vibaya. Lakini mmoja wa wafugaji, mzee mwenye fimbo na koti la jeshi, akaingiza kichwa dirishani na kuuliza kwa upole, kama mtu anayetaka tu kuelewa: "Huyu si ndiye aliyewapa mbuzi wangu dawa jana? Kama hesabu ndiyo hii, waliopewa walipewa kiasi gani?"

Safari hii hata Elisha, mwanafunzi mwenzake Hilda, aliuma midomo kuzuia kicheko. Nje, gari la maziwa likapiga honi mara mbili. Ni gari lililokuja kila siku kuchukua madumu na kuyapeleka mjini kwa kupitia Mkonze, alikoishi Hilda, na dereva wake, Hamidu, alimbeba Hilda bure, kwa sharti moja tu, kwamba hamsubiri mtu. Hilda akakusanya karatasi na daftari lake, akatoka bila kuaga, akapanda mbele. Njia nzima alitazama nje, naye Hamidu, aliyezoea kusimuliwa habari za ng'ombe, akafungua redio.

*

Joel, mume wa Hilda, alikuwa fundi wa kuchomelea. Karakana yake ilikuwa hapo hapo mbele ya nyumba, bati nne na turubai, na mageti yaliyoegemezwa ukutani yakingoja wenyewe. Alipomwona mkewe anapita bila kumtania, alizima mashine, akavua miwani na kumfuata ndani.

Mama yake Joel, Bibi Penina, alikuwa ameketi kwenye kigoda uani anapepeta uwele. Hilda akamwamkia, akaketi chini kwenye mkeka, na mambo yote yakamwagika: nane arobaini, mia tatu na tatu, koti la jeshi, mbuzi.

"Kijana amekuroga," Bibi Penina aliamua papo hapo. "Nane mara arobaini hata mimi ambaye sikukanyaga darasa naijua. Tulikuwa tunahesabu ndama. Mia tatu na ishirini! Keshokutwa twende wote, nitamuuliza mbele za watu."

"Keshokutwa mjomba Matonya anakuja, mama," Joel akamkumbusha.

Bibi Penina akakunja uso. Matonya alikuwa kaka yake mkubwa, anakuja kutoka Mpwapwa kwa basi, mara moja kwa mwaka kama ada, na mapokezi yake hayakuwa jambo la mchezo. Kuku alikuwa ameshafungwa mguu. Ugali wa uwele, mlenda, kuku wa kienyeji, na mkamwana wa nyumba kupiga goti na kunawisha wageni mikono: hayo yote yalikuwa yamepangwa tangu Pasaka.

Joel alichukua karatasi ile, akaisogeza kwenye mwanga. Alikuwa mtu wa kusoma taratibu. Aliitazama mpaka mama yake akachoka na kurudi kwenye ungo wake.

"Unakumbuka dirisha la Mwalimu Violeth?" aliuliza mwishowe.

"Joel, mimi nakwambia habari za mtihani, wewe unaniletea madirisha."

"Ngoja. Nilimkatia vipande kumi vya kupanga katikati. Kila kipande sentimita tisa na milimita sita. Kwenye daftari nikaandika kumi, maana tisa na sita ni kama kumi, na mimi sipendi kuandika sana. Nikajumlisha kwenye daftari: kumi mara kumi, mita moja. Nikamwambia fundi ujenzi, acha tundu la mita moja."

"Na?"

"Dirisha lilipofika ukutani likabaki na pengo la vidole viwili. Mwalimu akasimama upande wa pili, akaniangalia kupitia pale. Akasema, 'Shikamoo fundi.' Mwanamke kanizidi miaka kumi na tano!" Bibi Penina alicheka mpaka uwele ukamwagika. Joel naye akacheka, ingawa masikio yalimwiva, kwa kuwa aibu ile ilikuwa haijapoa. "Chuma kilijua urefu wake, Hilda. Daftari ndilo lilikuwa halijui."

Hilda hakucheka. "Unataka kusema nini?"

"Nauliza tu. Asubuhi unaingia saa ngapi?"

"Saa moja kamili. Nasaini kwenye kitabu."

"Na kutoka?"

"Natoka na Hamidu."

"Hamidu anaondoka saa ngapi?"

Hamidu aliondoka saa nane na dakika thelathini na tano. Hakuwahi kuzidisha wala kupunguza, kwa sababu maziwa hayasubiri jua. Saa moja mpaka saa nane na dakika thelathini na tano. Hilda alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, kisha akachukua kalamu na kuhesabu kwenye ukingo wa karatasi. Saa saba na dakika thelathini na tano. Siku arobaini. Ilipofika jumla, kalamu iliandika mia tatu na tatu, na dakika ishirini juu yake.

"Lakini imeandikwa nane," alisema, kwa sauti ndogo.

"Imeandikwa nane," Joel akakubali.

Aibu ilimpanda Hilda kutoka miguuni. Zile saa zilikuwa kitu kidogo. Kubwa lilikuwa sauti yake mwenyewe, aliyoisikia sasa vizuri kuliko alipokuwa akiitoa, ikimwambia mtoto wa watu mbele ya umati kwamba amekula. Alijifunika kanga usoni. Bibi Penina, ambaye hakuwa ameelewa hesabu lakini alielewa kanga, aliweka ungo chini na kumpigapiga mgongoni.

"Sasa hajakuroga?" aliuliza.

"Hajaniroga, mama. Nimejiroga mwenyewe."

*

Alhamisi alifika kituoni saa moja kasoro robo. Castory alikuwa anafuta meza. Alipomwona, alisimama wima kama mtu anayengoja kofi.

"Castory, mdogo wangu, nimekuja kukuomba radhi," Hilda alisema kabla hajakaa. Alikuwa amejifunza maneno hayo njia nzima juu ya bodaboda, na akayasema yote bila kuruka hata moja. "Jana nimekudhalilisha mbele za watu. Hukunilia chochote. Mimi ndiye niliyekuwa naondoka mapema. Nisamehe."

"Hapana, mama, na mimi nina kosa." Castory alifurahi mpaka akachanganyikiwa, akamvutia kiti. "Nimelala nikiwaza. Njoo uone."

Akawasha kompyuta, akafungua jedwali, akabonyeza moja ya zile nane. Juu kabisa, kwenye mstari mwembamba ambao Hilda hakuwahi kuutazama, ikatokea namba nyingine: saba, nukta, tano nane tatu tatu tatu, ikaendelea hivyo mpaka ikaishiwa nafasi.

"Hii ndiyo iliyomo ndani," alisema. "Hiyo nane ni sura tu. Mwezi wa nane Dokta alilalamika kwamba namba zenye mikia zinamuumiza macho, nikaiseti isionyeshe desimali, ionyeshe namba nzima iliyo karibu. Nikajua nimefanya usafi. Kumbe yenyewe inaonyesha nane, lakini ikijumlisha inajumlisha saba na mikia yake yote." Akatazama pembeni. "Na jana sikuweza kukueleza, maana na mimi nilikuwa nimesahau."

Hilda akaangalia ile namba ndefu. Alikuwa amekaa mbele ya kioo hiki siku arobaini, na siku zote ukweli ulikuwa juu yake, umbali wa kidole kimoja.

"Sasa," Castory akashusha sauti, "kuna njia. Nikiiambia kompyuta ikate mikia kabisa, siyo kuificha, ikate, kila nane inakuwa nane ya kweli. Tazama." Vidole vyake vikaenda haraka. Mia tatu na tatu ikapepesa, ikawa mia tatu na ishirini. "Sijagusa kitabu cha saini. Nimekata mikia tu. Ofisi nyingi zinafanya hivi. Dokta atasaini, tunatuma, umepona."

Ilikuwa pale, nyeusi juu ya nyeupe: mia tatu na ishirini. Hilda aliihisi tumboni, kama chai ya moto. Hakuna ambaye angeuliza. Kesho angekuwa nyumbani anampokea mjomba Matonya kwa heshima zote, Jumatatu angekuwa na namba ya mtihani. Na dakika ishirini na tano kwa siku ni nini? Watu wanazimaliza kwa kuvua viatu.

Akanyanyua macho dirishani. Nje, Elisha alikuwa anaburuta mpira wa maji kwenda kwenye kibanio cha vyuma, pale ng'ombe wanapobanwa kuchomwa sindano. Alikuwa anasafisha kinyesi cha jana.

"Kwa nini anaosha asubuhi?" Hilda aliuliza.

"Jana mchana maji yalikatika. Kwa kawaida anaosha ile saa nane na nusu kuelekea saa tisa. Anaosha, anachemsha sindano, anafunga." Castory alisema hivyo bila nia yoyote, kama mtu anayetaja siku za juma.

Hilda alibaki anatazama. Siku arobaini alikuwa akipanda gari la Hamidu na kufunga mlango, na siku arobaini hakuwahi kujiuliza nani anaosha. Kijana wa watu hakuwahi kusema. Mbona angesema? Yeye ni mama wa watu, anakimbilia nyumbani, na kwenye kioo imeandikwa nane kwa wote wawili. Sasa zile dakika zilikuwa na uso na mpira wa maji mkononi.

"Rudisha," alisema.

"Mama?"

"Rudisha mia tatu na tatu, Castory. Na mikia irudishe, Dokta atavaa miwani."

Castory akarudisha, polepole, akimtazama kila baada ya hatua kuhakikisha kama hajabadili mawazo. Kisha wakaenda wote wawili kwa Dokta Emilia na kumweleza, Hilda akieleza makosa ya Castory na Castory akieleza ya Hilda, mpaka Dokta akawanyamazisha kwa mkono.

"Unapungukiwa na ngapi hasa?"

"Saa kumi na sita na dakika arobaini."

"Leo na kesho. Saa nane na dakika ishirini kila siku." Dokta Emilia akaangalia saa ya ukutani. "Ukisaini saa moja, unatoka saa tisa na dakika ishirini. Kesho hivyo hivyo, na saa kumi tunafungiwa. Huna dakika ya kuchezea."

"Sitachezea, Dokta."

"Saini basi. Ni saa moja kasoro dakika moja."

Siku hiyo Hilda alifanya kazi kwa furaha iliyomshangaza mwenyewe. Saa nane na nusu Hamidu alipopiga honi, alitoka mpaka getini kumpungia, Hamidu akatoa kichwa dirishani akifikiri Hilda amefukuzwa. Kisha akarudi na kumnyang'anya Elisha mpira wa maji.

"Wewe leo nenda ukale."

"Mama, mbona mimi nimezoea..."

"Najua umezoea. Ndiyo maana nakwambia nenda."

*

Kumwambia Bibi Penina kwamba kesho hatakuwapo kumpokea mjomba kulikuwa kugumu kuliko kumwomba Castory radhi. Hilda alimngoja amalize kula. Joel alijitia ana kazi na bisibisi moja ambayo haikuwa na ubaya wowote.

"Matonya anakuja mara moja kwa mwaka," Bibi Penina alisema.

"Ndiyo, mama."

"Atauliza, mkamwana yuko wapi. Nitamwambia nini? Yuko kwenye kinyesi cha ng'ombe?"

"Mwambie hivyo hivyo, mama. Ndiko niliko."

Bibi akachokonoa meno. Alikuwa amezikwa na kazi za nyumba hiyo miaka thelathini kabla Hilda hajaja, na alikuwa ameziachia kwa raha kubwa. Hakupenda kuzirudia. Lakini pia hakupenda ile kanga ya jana usoni.

"Kuku nitamchinjisha kwa Joel," alisema mwishowe. "Ugali nitasonga mwenyewe. Mikono yangu bado ipo. Lakini ukirudi, ukamwamkie kwa magoti, hata kama unanuka."

*

Ijumaa ilienda vizuri mpaka saa tisa kasoro dakika kumi, ndipo alipofika yule mzee wa koti la jeshi akiongoza ng'ombe wake. Wanawe wawili walikuwa nyuma wanamsukuma. Ng'ombe alikuwa anazaa tangu alfajiri. Miguu miwili midogo ilichomoza nje, na zaidi ya hapo hakikutoka kitu.

"Mbukwa," mzee aliamkia kwa Kigogo, bila kumwangalia yeyote.

"Mbukwa," Hilda alijibu, tayari anavua saa ya mkononi.

Dokta Emilia alikuwa na mkono mnene, na bega lake la kulia lilikuwa na maumivu tangu mwezi uliopita. Alimtazama Hilda, Hilda akajipaka sabuni mpaka begani. Akapiga magoti nyuma ya ng'ombe na kuingiza mkono taratibu, akifumba macho ili aone kwa vidole. Kichwa cha ndama kilikuwa kimegeukia nyuma, kimelala ubavuni. Akamwambia Dokta. Dokta akasema akitafute kidevu, asivute miguu kabla kichwa hakijanyooka.

Kila alipokishika, ng'ombe alisukuma na mkono wake ukabanwa mpaka ganzi ikamfika begani. Akangoja. Akaanza tena. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulipangusa. Mzee alikuwa amechutama karibu, fimbo imelala chini, midomo inatikisika.

Saa tisa na dakika ishirini Castory akatoka mbio. "Mama Ruthu! Zimetimia! Njoo usaini!"

"Ngoja!"

"Mama, siwezi kufunga mstari bila saini yako. Saa kumi wanafunga!" Akamtazama Dokta kwa kuomba. "Nimsainie mimi?"

"Hapana," wanawake wote wawili wakasema kwa pamoja.

Castory alibaki amesimama, kitabu cha saini kifuani, anahesabu dakika kwa sauti bila kujua kwamba anahesabu kwa sauti. Kumi na tano zaidi. Ishirini. Hilda hakumsikia. Alikuwa amepata kidevu. Akakizungusha kwa viganja, kidogo kidogo, akingoja ng'ombe apumzike ndipo asogeze, mpaka pua ikaja mbele na kulala juu ya miguu mahali pake. "Sasa," alisema, na Elisha na Dokta wakavuta kamba waliyoifunga miguuni mwa ndama, kila ng'ombe aliposukuma.

Ndama akaanguka kwenye majani saa tisa na dakika arobaini na tatu. Alikuwa jike, amelowa, hapumui. Hilda akamsafisha pua, akamsugua mbavu kwa gunia, akamtekenya puani kwa jani. Ndama akapiga chafya. Mzee wa koti la jeshi akaketi chini kabisa kwenye vumbi na kusema maneno mengi ya Kigogo kwa haraka, ambayo hayakuwa ya kumwambia mtu.

"Maji," Castory alilia. "Mpeni maji anawe!"

Alinawa, akasaini saa tisa na dakika hamsini. Mkono ulikuwa bado na ganzi hata saini ikatoka ya mtu mwingine. Castory akakimbia nayo ndani, wote wakamfuata, hata mzee aliyewaacha wanawe na ng'ombe, wakajaza ofisi kwa harufu. Castory akaingiza muda. Jumla ikabadilika: mia tatu na ishirini, nukta, tano. Dokta Emilia akainama karibu na kioo, akabonyeza mstari mmoja mmoja wa siku mbili zile na kusoma namba kwenye mstari mwembamba wa juu, kisha akauchapa ukurasa. Akasaini. Castory akapiga picha ukurasa, akatuma, na saa ya kompyuta ikaonyesha kumi kasoro dakika nne.

Wakakikodolea macho kioo, watu watano na harufu ya ng'ombe. Ujumbe ukarudi. Castory akausoma kwa sauti, herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza: imepokelewa, na jina limeingia kwenye orodha ya mtihani.

Hilda alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena kwa sababu alikuwa amejipangusa machozi kwa mkono uleule.

*

Alifika nyumbani jua linazama. Wageni walikuwa wameshakula, na sahani yake ilikuwa imefunikwa. Mjomba Matonya alikaa kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, mzee mrefu, mkimya, kofia gotini. Hilda alipiga magoti kama alivyoagizwa, mbali kidogo kwa sababu ya harufu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kumbe ndiyo wewe. Nimeelezwa uko kwenye kinyesi cha ng'ombe."

"Ndiko nilikokuwa, mjomba. Nisamehe kwa kutokukupokea."

"Na amezaa?"

"Amezaa. Jike."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba ng'ombe alikuwa wake. Bibi Penina, ambaye mchana kutwa alikuwa amelalamikia mgongo, sasa alijinyoosha. "Huyu ndiye anayeingiza mkono mpaka begani," alimwambia kaka yake. "Walimwita yeye, si mwingine." Hakuna aliyekuwa amemweleza hivyo. Joel akatazama dari.

Mjomba Matonya akakohoa. Alikuwa na mbuzi watatu wanaoharisha, alisema, tangu mwezi uliopita, na huko kijijini kila mtu anatoa ushauri wake. Hilda akamuuliza wanakula nini, wananywa wapi, kinyesi kina rangi gani. Mzee akajibu yote kwa makini, akijivuta mbele ya kiti. Kisha akaingiza mkono kwenye koti na kutoa simu ndogo ya vitufe.

"Nipe namba yako," alisema. "Nitakupigia nikifika."

Hilda akamtajia. Mzee akaibonyeza taratibu kwa kidole gumba, tarakimu moja baada ya nyingine, Joel akishika tochi.

"Niandike nani? Dokta Hilda?"

Chumba kizima kilimtazama. Bibi Penina alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Hapana, mjomba," Hilda alisema. Alikuwa amechoka, amechafuka, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. "Andika Hilda. Hilo lingine utaliongeza majibu ya mtihani yakitoka."